Niliwasha Televisheni ya Wakwe kwa Gari Lisilo Langu

Kosa ni langu. Sitamsingizia shetani, maana siku hiyo yeye hakuwa hata na leseni. Nimekaa na hili jambo kifuani mpaka nimechoka, sasa nalitema hapa.

Mimi ni dereva, au niseme nilikuwa dereva, wa bosi mmoja pale Malaba. Nilipompata msichana wangu, nitamwita Apio, nilimwambia gari ni langu. Alikuwa amelisifia, nami mdomo ukateleza. Kila wiki uongo ulinenepa.

Basi bosi akavuka kwenda Kampala, akaniachia funguo. Ilikuwa wiki ile ile ambayo Apio alitaka nikajitambulishe kwao, mbele kidogo ya Kocholia. Ningeenda kwa boda? Mimi? Nikaosha gari, nikavaa koti, nikaenda!

Tulikula vizuri. Wazee walinipokea kwa heshima hadi nikaona haya. Halafu saa nane stima ikapotea, mpira kwenye televisheni ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Ndugu zake Apio wakaguna.

Hapo ndipo kiherehere kilinishika. Nilikuwa na inveta, kile kisanduku kinachogeuza moto wa betri ya gari kuwa umeme wa nyumbani. Niliinunua Busia, na ndicho kitu pekee kilichokuwa changu pale! Nikafungua boneti, nikabana waya kwenye betri, nikapitisha ekstensheni dirishani. Televisheni ikawaka! Akina mama wakapiga vigelegele.

Wakaongeza spika kubwa. Majirani wakaleta simu zao kuchaji, na yangu ikawa humo humo. Mzee akasema moshi wa gari unaingia sebuleni, nikazima injini. Ningemkatalia vipi baba mkwe?

Baada ya muda inveta ikaanza kulia, pii, pii.

"Hiyo ni nini inalia, mkwe?" mama akauliza.

"Ni kawaida tu, mama. Inafanya kazi."

Kawaida gani! Ilikuwa inaniambia betri inakwisha, na mimi nilijua. Niliona aibu kuzima mpira wa watu. Ikajizima yenyewe, mpira ukakatika, na nilipojaribu kuwasha gari, halikukohoa hata kidogo.

Vijana wakajitokeza kusukuma. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, ndugu yangu! Nikawaambia, hawakuamini, wakasukuma hadi wakalowa jasho. Jua nalo linashuka. Kule kwao mchumba halali kwa wakwe, ni mwiko. Kuondoka siwezi, kubaki siruhusiwi. Nikainama ndani ya boneti nikijifanya fundi, machozi yananilenga.

Ndipo Apio akatoka nyumbani, ameshika simu yangu mbali na mwili, kama mtu aliyeshika chura.

"Imelia sana nikachukua nikuletee," akasema. "Kuna mtu anauliza gari yake."

Bosi alikuwa amerudi mapema! Anavyopiga kelele, kila mtu uani alimsikia: "Wewe dereva, gari yangu iko wapi?"

Nikamwelekeza, nikamwambia na betri imekufa. Ningefanya nini?

Mzee alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Kijana, mimi nimeendesha trekta ya wenyewe mpaka nikazeeka," akasema polepole. "Mama ya hawa watoto nilimuoa nikiwa dereva. Ungeniambia tu. Sasa wewe ni nani?"

Jina langu lenyewe lilinitoroka!

Bosi akaja na boda, amepakata betri nyingine. Gari likawaka. Akanyoosha mkono nikampa funguo, akaondoka bila kunitazama. Nikabaki nimesimama katikati ya ua wa watu, sina gari, sina kazi, na macho yote kwangu. Laiti ardhi ingepasuka!

Apio hakunitukana. Alikunja ekstensheni yangu taratibu, akaiweka juu ya inveta, akanikabidhi vyote kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mgeni.

"Kaka atakupeleka hadi barabarani," akasema. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Wewe unayesoma ukicheka, cheka, lakini sikia. Ukienda ukweni nenda na kilicho chako, hata kama ni viatu tu. Na kama umeshadanganya, sema leo, mdomo ungali wako, kabla mwenye mali hajakusemea. Mimi ningesema mapema ningekuwa na mke sasa. Mzee yule alikuwa tayari kumpa dereva binti yake. Ni mimi niliyekataa kumpeleka huyo dereva.