Feni Inayovuta

Joto la mwaka ule lilikuja na hasira za mgeni aliyesahauliwa kupewa kiti. Kuku walitembea midomo wazi. Mbwa wa muuza duka aliacha kubweka, akawa anawatazama wapita njia kwa jicho moja tu, maana kufungua la pili nako ni kazi. Wenye nafasi walijilaza kwenye sakafu ya saruji wakapepewa na wajukuu. Wasio na nafasi walifanya kazi, na katika hao hakuna aliyekiona cha mtema kuni kama Mama Pasi.

Mama Pasi alikuwa dobi. Jina lake la kuzaliwa alilijua mumewe na kadi ya kliniki; mtaa mzima ulimwita kwa chombo chake, pasi ya mkaa yenye jogoo wa shaba mbele pa kufungia kifuniko. Pasi ya umeme alikuwa nayo, zawadi ya binti yake, lakini aliifunga vizuri kwenye kitambaa akaiweka juu ya kabati ili isije ikaharibika kwa kutumiwa.

"Ile inabembeleza nguo," alisema. "Mimi sibembelezi. Mimi nanyoosha."

Na kweli, shati lililopita mikononi mwake ungeweza kukatia mkate kwa mkunjo wa mkono. Hoteli ya njia panda ilimletea mashati meupe ya wahudumu wake kila mchana na kuyataka jioni, na haijawahi kurudisha hata moja.

Sasa hebu piga picha. Chumba kimoja cha mbele, dirisha linalopigwa na jua la alasiri, bati juu bila dari, na katikati yake mwanamke mnene kiasi, mwenye umri wa kuitwa bibi, ameinamia chuma kilichojaa makaa. Nje hakufanyiki kazi hiyo, maana vumbi la barabara na shati jeupe ni paka na panya. Basi alijitafutia mbinu zake. Alijifunga kitambaa kibichi shingoni. Alisimama miguu ndani ya beseni la maji, akapiga pasi hivyohivyo, na maji yakishapata uvuguvugu aliumwagia mlimao wake nje ya mlango akateka mengine. Chai aliinywa ya moto, tena mchana kweupe. Dawa ya moto ni moto, alisema, huku jasho likimtiririka mpaka kwenye nyusi na yeye akilipangusa kwa bega lisije likaidondokea kola ya mtu.

Kilichokosekana ni upepo tu. Na hapo ndipo anapoingia mumewe.

Mume wa Mama Pasi alikuwa tarishi, mtu aliyezunguka mji kwa baiskeli akigawa barua mpaka watu wakaacha kuandikiana. Alipostaafu, mikono ilimwasha. Wenzake walikaa barazani wakacheza karata. Yeye akaanza kuokota feni mbovu. Uani kwake kulikuwa na feni za meza, feni za kusimama, feni zilizovunjika shingo na feni zisizo na mapanga, zote zimepangwa zikisubiri zamu kama wagonjwa. Alizifungua kwa bisibisi, akazipuliza vumbi, akazisemesha. Nyingine zilipona. Nyingine zilipona kwa siku moja. Mtaa ukampa cheo cha Injinia, na yeye, mtu mpole, hakuona kwamba anataniwa. Au aliona akakipokea hivyohivyo, maana cheo ni cheo.

Mtu atauliza: dobi anayeiva kwa joto ana mume mwenye ua mzima wa feni, sasa shida iko wapi? Shida ni majivu. Pasi ya mkaa ina matundu pembeni, na upepo ukiingia huku, majivu hutokea kule. Injinia alilisahau hilo mara moja tu, mwanzoni mwa joto. Alimwonea mkewe huruma, akanyata na feni yake mpaka mlangoni, akaiwasha kwa kasi ya mwisho ili amfurahishe. Kumfurahisha alimfurahisha, kufumba na kufumbua. Kisha pasi ikakohoa, majivu yakatanda chumba kizima, na mashati ya hoteli yaliyokuwa yamening'inia ukutani yakageuka ya kijivu.

"Baba watoto," alisema Mama Pasi kwa sauti ya chini sana, na mumewe akajua mambo yameharibika, kwa sababu mkewe akipiga kelele ndiyo salama. "Feni yoyote itakayovuka kizingiti hiki, naipiga pasi."

Hakuna iliyovuka. Akaendelea na beseni lake na chai yake, mpaka alasiri moja ukuta ukaanza kumzunguka. Akili ya kuitua pasi kwenye kigae chake alikuwa nayo bado. Kisha akakaa, na alipokaa ni ndani ya beseni. Injinia alimkuta humo, nguo zimelowa, amefumba macho, akisema kwamba hajambo kabisa.

Binti yao alikuwa nesi, mtu wa maneno machache na viatu visivyo na kelele. Hakuwahi hata siku moja kumpa mama yake sare zake azinyooshe. Alizinyoosha mwenyewe kwake, kwa pasi ya umeme, ili awe mfano. Alikuja jioni ileile, akampima mama yake presha, akamkorogea maji ya chumvi na sukari, akamsimamia mpaka bilauri ilipokwisha.

"Mama, umenichosha."

"Kwani nimefanya nini? Nimekaa tu."

"Umekaa kwenye beseni, Mama. Huko ni kuanguka. Chumba hiki ni tanuri, na moshi wa makaa unauvuta kutwa nzima. Sasa nisikilize. Jumamosi nakuja. Nikikuta chumba bado kiko hivi, naichukua pasi naondoka nayo. Na sitanii."

"Pasi yangu?"

"Pasi yako. Mimi nataka mama, sitaki mashati."

Mama Pasi akaivuta pasi karibu naye. Kilichomuuma si ukali wa mtoto, bali kwamba mtoto alikuwa na haki. Lakini bila pasi ile angekuwa nani? Angekuwa bibi wa kupelekewa chakula na kuulizwa amelalaje. Yeye alipenda kazi yake, ndiyo ukweli wenyewe. Alipenda mvuke unaopanda kola ikishanyunyizwa maji. Alipenda kumkabidhi mtu furushi lililonyooka na kumwona akilishika kwa mikono miwili. Injinia alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, na alijua kwamba kama si ile feni yake ya majivu, mkewe angekuwa na upepo siku nyingi. Alitoka akaenda uani bila kuaga, akakaa katikati ya wagonjwa wake asiguse hata mmoja. Na nyimbo alizozoea kuimba bafuni kila akioga, mtaa haukuzisikia tena.

Kesho yake akaja kinyozi wa jirani, feni kwapani, uso umevimba. Feni ile alitengenezewa na Injinia.

"Injinia, feni gani hii umenipa? Haipulizi, inavuta! Nikimnyoa mtu, nywele zinapita ndani ya feni zinatokea nyuma, zinawaangukia wanaosubiri. Nina mteja mwenye upara, leo ameondoka na nywele!"

Mama Pasi alicheka mpaka akashika meza. Injinia hakucheka. Aliiwasha feni, akaweka kiganja mbele yake: kimya. Akakiweka nyuma: upepo. Alikuwa ameunganisha waya kinyume, na mapanga yalikuwa yakizunguka kinyumenyume.

"Inavuta," alisema polepole.

"Si ndiyo nakwambia!"

"Inavuta," akarudia, na sasa alikuwa akimtazama mkewe. "Mama watoto, haipulizi, inavuta! Haiwezi kukurushia majivu. Tukiifunga dirishani, itameza moshi, itameza joto, itameza majivu yenyewe, ikayateme nje!"

Kinyozi alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Akili ni nywele," alisema, akijipangusa za wateja wake begani, "kila mtu ana zake." Akachagua feni nyingine, akaijaribu mbele na nyuma, akaenda zake.

Ile ya kinyozi ilikuwa ndogo, haikutosha dirisha. Injinia akachukua feni yake kubwa kuliko zote, nzima, isiyo na kasoro, akaanza kuiharibu. Hapo akagundua jambo ambalo hawalisemi mafundi: kukosea kwa makusudi ni kugumu kuliko kukosea. Hakukumbuka ni waya zipi alizozichanganya mara ya kwanza. Alikaa uani juani na kofia yake ya utarishi kichwani, akiunganisha na kuunganua, vidole vikiungua kwenye risasi ya kulehemu. Mara feni ikagoma. Mara ikanguruma bila kuzunguka. Mara umeme wa mtaa mzima ukakatika, na muuza duka akauliza kwa sauti ni nani tena huyo.

Mama Pasi alimletea maji. "Ingia kivulini, mume wangu. Wa kuanguka mmoja anatosha."

"Jumamosi inakuja," alijibu bila kuinua kichwa.

Ijumaa mchana ikakubali. Mapanga yakazunguka kinyume, taratibu, kisha kwa kasi. Injinia akaifunga dirishani kwa kamba, uso ukitazama chumbani, mgongo ukitazama barabarani. Mama Pasi akawasha makaa, akaingiza miguu kwenye beseni, akaweka pasi juu ya shati la kwanza. Majivu yakapanda kidogo, yakasita, kisha yakaelekea dirishani yakatoka. Moshi ukayafuata. Pazia likainamia nje. Na kutoka mlango wa nyuma, kutoka kivuli cha uani, hewa ya ubaridi ikaingia polepole ikamgusa visigino. Aliona haya kulilia feni, akasingizia moshi, wakati moshi wenyewe ulikuwa umeshatoka.

"Vipi?" aliuliza Injinia.

"Umeweza, baba watoto. Umeweza."

Injinia akaenda kuoga. Mama Pasi akabaki peke yake, na jicho lake likatua kwenye feni nyingine, ya kawaida, aliyoiacha mumewe karibu na mlango baada ya kuiazima skrubu. Hiyo ilikuwa inapuliza mbele, kama feni zote za duniani. Mama Pasi akaitazama. Akalitazama dirisha. Kisha, bila kujua hasa kwa nini, akaizima ile kubwa, akalegeza kamba akaisogeza kando, akaibeba hii mpaka dirishani, akaigeuza uso uangalie barabarani, mgongo uangalie chumbani, akaiwasha.

Moshi ukatoka. Majivu yakatoka. Joto likatoka na, tuseme kweli, lilitoka kwa kasi zaidi.

Hakukuhitajika kukata waya hata mmoja. Feni yoyote katika lile rundo la uani, tangu siku ya kwanza ya joto, ingefanya kazi ileile kwa kugeuzwa tu. Mumewe hakuliona hilo. Kinyozi, ambaye naye angemaliza tatizo lake kwa kuigeuza feni, hakuliona. Wala yeye mwenyewe, mjuzi wa kuchambua makosa ya wenzake, hakuliona. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, ikabidi aume kile kitambaa cha shingoni.

Ndipo aliposikia sauti kutoka bafuni. Injinia alikuwa anaimba. Hakuwa ameimba tangu siku ya beseni.

Mama Pasi akazima feni ya kawaida, akaibeba mpaka uani, akaisukuma chini kabisa ya rundo. Akarudi, akairudisha ile kubwa mahali pake, akakaza kamba, akaiwasha, akashika pasi yake. Funika kombe mwanaharamu apite.

Jumamosi binti alifika wakati wa jua la utosi, na mfuko mkubwa mtupu mkononi.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba akanusa. Akamgusa mama yake shingoni kwa mgongo wa mkono, kama anavyowagusa wagonjwa wake. Akampima presha, akampima tena kana kwamba kipimo kimehongwa. Injinia alisimama mlangoni amevaa shati lililonyooshwa, ametulia kama mtahiniwa. Binti akaiendea feni. Akatazama uso wake, akapitisha mkono nyuma yake akasikia upepo unavyokimbilia barabarani, akatazama uso tena. Paji lake likakunjamana.

"Lakini Mama," alisema, "si mngei—"

Mama Pasi alitoa mguu kwenye beseni akamkanyaga. Mguu ulikuwa wa baridi, unachuruzika maji, na haukuwa mwepesi. Binti akageuka. Akayaona macho ya mama yake. Kisha akamtazama baba yake, akaona na vidole vyake, vilivyofungwa plasta karibu vyote.

"Anasemaje?" aliuliza Injinia.

Binti aliipapasa feni mgongoni.

"Nasema sijawahi kuona feni kama hii, Baba."

"Wala hutaiona," alisema Injinia. "Ipo moja tu."

Akatoka kwenda kumwita kinyozi aje ashuhudie. Mama na mwana wakabaki wawili, na pazia likiinamia nje, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake asije akacheka. Binti akaukunja ule mfuko mtupu, akaukunja tena mpaka ukawa mdogo. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa sare ya zamu yake ya jioni, akaiweka mezani juu ya mashati ya hoteli.

"Na hii, Mama," alisema. "Ila usiibembeleze."