Sauti ya Bosco Imebaki mu Mashini

Mukatae, mukubali, hiyo ni yenu. Mimi masomo iliishia mu darasa la tatu, lakini macho yangu iko muzima. Na hii mambo niliiona muchana, hapa Bunia, kartie Lumumba, jua inawaka.

Mutoto wangu wa kwanza, Dorika, alikuwa anauzisha samaki ya ziwa. Na faida ya hiyo samaki alijenga nyumba. Bwana yake, Bosco, alijua tu kuchana nywele. Dorika alipokufa, nilikata kikwembe changu kizuri kati kati. Nusu tulimuzika nayo, nusu ingine ninaifunga ku kichwa mupaka leo.

Pale ku kaburi Bosco alikamata mikro, akaapa mbele ya watu: "Hii nyumba ni ya watoto wa Dorika. Mimi sitaigusa." Binti wangu wa pili, Asele, anapigaka video za ndoa na matanga. Alichukua yote.

Udongo haujakauka bado, Bosco akatafuta mutu wa kununua parsele, kiwanja pamoja na nyumba. Wajukuu wangu waende kulala wapi? Nilimukumbusha kiapo chake, akacheka. "Mama mukwe, nani alisikia? Ulikuwa unalia, masikio ilijaa machozi." Waliosikia hawakutaka kujiingiza. Wazee wa familia wakasema: siku ya yenga, watu wakitoka kanisa, mulete hiyo video, tusikie.

Basi Asele akafungua video mu mashini yake ya kutengenezea video. Nyimbo inasikilika. Kilio changu kinasikilika, mupaka haya ilinikamata. Lakini Bosco akifungua kinywa, kimya! Mu mashini sauti inaonekana kama mustari wenye milima-milima. Pa Bosco ulikuwa umelala kama ubao. Asele akaangalia kama alifunga sauti bila kujua. Hapana. Akapandisha volime, akabadilisha kaske ya masikio, akatenga sauti na picha, akarudia kutoa video mu kamera. Kimya tu. "Mama," akasema, "picha za mbele na za nyuma zinasema. Yeye peke yake ndiye bubu."

Siku ya posho, kesho yake ni yenga, saa sita ya muchana, Asele alienda kuazima kamba ya mashini kwa rafiki. Nikabaki peke yangu. Mwanamuke mumoja akaingia bila kupiga hodi, akaikala pa kiti cha Asele, akavaa kaske. Nilitaka kumutukana. Nikaona ku kiuno chake: kikwembe changu! Ile nusu tuliyomuzika nayo, na pale nilipokata vibaya panaonekana. Munaniuliza nilifanya nini? Nilisema tu: "Dorika?"

Hakugeuka. Alisikiliza, kisha akacheka, kile kicheko chake cha ku soko mutu akitaja bei ya chini.

"Sauti haikupotea, mama. Bosco aliirudisha mu koo yake. Ninaenda kumunyanganya."

Akatoka. Nilimufuata mbio ku mulango. Barabara ilikuwa na jua na motari mumoja tu ku pikipiki yake. Asele aliporudi, mustari wa Bosco ulikuwa umesimama milima-milima. Ndani ya kaske mulikuwa na udongo mwekundu.

Siku ya yenga Bosco alikuja na mununuzi wake. "Haya bokilo," akamuambia Asele, shemeji yake, "onyesha sinema yako ya mabubu!" Nani alimuambia? Sijui. Asele akawasha. Bafle, kile kisanduku cha kutoa sauti, ikanguruma: "Hii nyumba ni ya watoto wa Dorika. Mimi sitaigusa." Bosco akaruka, akafungua kinywa akatae. Kinywa kilicheza, kilicheza, hakuna kitu. Sawasawa na vile tulimuona mu mashini. Mununuzi alikimbia, akasahau kofia.

Wajukuu wangu wanalala mu nyumba ya mama yao. Bosco alipita kwa waganga, alipita kwa wachungaji, sauti haijarudi. Dada yake alileta mbuzi, akapiga magoti: "Mama, mufute ile video, pengine ataachiliwa." Nilimuambia arudishe mbuzi yake. Sitafuta. Dorika hakuniomba nifute.

Na weye unayesoma, ukisimama ku kaburi ya mutu uliyemukulia jasho akiwa muzima, chunga kinywa. Bosco anapitaka mbele ya uzio wa lupango yetu akienda kuchota maji. Nikimuona, ninaita Asele aweke bafle ku dirisha, apandishe volime mupaka mwisho. Ajisikilize.