Mashimo ya Wasirikwa Niliyopewa Nilime

Nilipopewa lile shamba niliambiwa mashimo yake ni mazizi. Shamba lilipostawi, yakageuka makaburi. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia habari hiyo ikisimuliwa na watu ambao hawajawahi kushika jembe pale.

Shamba liko upande wa Sotik, kwenye mteremko unaoshuka mtoni kabla hujafika Ndanai. Udongo wa huko ni mwekundu na mgumu. Katikati ya mteremko kuna mashimo matatu ya mviringo, kila moja pana kama ua wa nyumba, na ukisimama ndani ukingo unakufikia kifuani. Pembeni, ndani, mawe yamepangwa na mkono wa mtu. Kila shimo lina mdomo unaotazama mtoni, na nje ya mdomo kuna rundo kubwa la udongo lililofunikwa na nyasi. Wanasema ni kazi ya Wasirikwa, watu waliokaa hapa kabla yetu wakaenda zao. Mashimo ya namna hiyo yamejaa nchi yetu. Watoto wachungaji wanajikinga mvua humo, na hakuna anayejali yalikuwa ya nini.

Mwaka ule kila mtu alikuwa anazungushia shamba lake ua. Baba mkwe akasema wanawe wagawane. Mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la chai huko Kericho, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi akinuka moshi wa kiwandani, analala, anarudi. Kwa hiyo kaka yake mkubwa ndiye aliyepima. Alipima kwa kamba, na kamba ikachoka ilipofika kwenye mashimo.

"Hapa ni penu, shemeji," akaniambia.

"Na haya?"

"Mazizi tu. Wasirikwa walikuwa wakifungia ng'ombe wao humo wasiibiwe. Wewe umefika sekondari, hutashindwa kupata la kuyafanyia."

Vijana waliokuwa wakichimba mashimo ya ua wakacheka. Nilikuwa na mtoto mgongoni, mvulana, ambaye tangu azaliwe hakuwa amenipa usiku mzima wa kulala. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilisoma mpaka nikajua mito ya Ulaya, nikaolewa, nikapewa mashimo.

Nilianza kulima juu, kwenye ule wekundu. Jembe lilikuwa likirudi kama nimepiga barabara. Siku moja, kwa hasira tu, nikashuka nikalipiga lile rundo lililo nje ya shimo la kwanza. Jembe likazama lote. Udongo mweusi, laini kama unga wa wimbi, usio na jiwe. Nikachimba mpaka jioni. Kesho yake nikarudi.

Mtoto nilimweka ndani ya shimo. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa, na mtoto anayetambaa kwenye mteremko ni kazi ya watu wawili, nami nilikuwa mmoja. Kwenye mdomo wa shimo nikaweka matawi ya miiba. Humo upepo haumfikii, na kuta hawezi kuzipanda. Alikuwa akikaa akipiga jiwe kwa jiwe huku nikilima, nikisikia kelele zake najua yuko. Akinyamaza, nachungulia.

Nilipanda mahindi, maharagwe na maboga. Sitaki kujisifu, lakini waliopita njia ya chini walikuwa wakisimama. Mahindi yalinipita kichwa. Maboga yalitambaa mpaka yakaingia shimoni na mtoto akawa anayakalia. Mama mkwe akaanza kuja kuchuma majani ya kunde zilizojiotea zenyewe, na kila akija anasifu mvua. Mvua! Kana kwamba kwa mwanawe mkubwa haikunyesha.

Halafu mtoto akashikwa na kikohozi. Baridi ya huku mnaijua, kila mtoto anakohoa. Lakini shemeji alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, amekunja uso wa huruma.

"Shemeji, nimefikiri sana. Pale si mahali pa mama anayenyonyesha."

"Kwa nini?"

"Wale watu walikuwa wakiishi mle. Walikuwa wakijificha chini ya ardhi. Tena wengine walifia mle. Unalima juu ya watu."

"Juzi ulisema ng'ombe."

"Juzi sikutaka kukutisha."

"Na sasa umetaka?"

Akaenda zake. Habari ikazunguka. Sokoni Ndanai mwanamke nisiyemjua aliniuliza kama ni mimi ninayelisha mtoto maboga ya wafu. Nikamwambia ndiyo, na akitaka nitamletea moja.

Katikati ya maneno hayo akaja Mzungu mmoja, amevaa kofia pana, na futi ya kupimia mkononi. Alikuwa akizunguka kuuliza habari za mashimo ya zamani. Shemeji ndiye aliyemtembeza. Kwa Mzungu hakusema mazizi wala makaburi. Yalikuwa njia ya chini kwa chini inayotokea mbali huko Mulot, na ndani yake pembe za ndovu. Mzungu alipima, akakuna shingo, akasema huenda ni nyumba, huenda ni zizi, yeye hajui. Alikuwa mtu wa kwanza kusema hajui, nikampenda kidogo. Kisha akarudi nyuma ili atazame vizuri, akakanyaga maharagwe yangu.

Mwisho wa mwezi mume wangu alipokuja, tukaitwa kwa baba mkwe. Kwetu mke wa mtoto hasemi ovyo mbele ya baba mkwe, basi nikakaa karibu na mlango na mtoto kifuani. Shemeji akasimama.

"Nimeona huyu mama anapata taabu," akasema. "Mimi nitachukua ule mteremko. Kama kuna ubaya, unipate mimi mwanamume. Wao nitawapa pale juu kwenye mwamba. Pale hakuna mfu."

"Pale hakuna hata nyasi," nikasema.

Mama mkwe akatazama chini.

"Msichana wa shule amesema," shemeji akacheka.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anasinzia, kweli, kidevu kifuani. Nikamgusa. Akasema, "Mama mtoto, wacha achukue. Tusigombane."

Hapo nikasahau heshima zote. "Kama ni makaburi, asilime mtu. Kama ni mazizi, nimeshalima mimi. Chagueni moja! Mtoto wangu anakula nini kwenye mwamba?"

Baba mkwe alikohoa. Akasema nivune kilichopo, kisha mkubwa achukue. Ikawa imekwisha. Nilirudi nyumbani nikitembea mbele ya mume wangu, na mpaka anarudi Kericho sikumwambia neno isipokuwa chakula kiko tayari.

Nilivuna bila furaha. Nilikuwa nimechoka hata kulia kulikuwa kazi.

Wakati wa kulima ulipofika, shemeji akamwita jirani mwenye ng'ombe wa plau. Nilikuwa mtoni nachota maji, nikasikia yote. Jirani alifika ukingoni mwa shimo la kwanza akasimamisha ng'ombe.

"Mimi hapa sishuki."

"Kwa nini? Kuna nini hapa?"

"Si wewe ulituambia kuna wafu?"

"Wafu gani! Ni mazizi haya! Samadi tupu!"

"Ng'ombe wangu ni hawa tu, ndugu yangu. Wakifa utanipa wako?"

Shemeji akamtafuta mwingine kutoka ng'ambo ya mto, naye alikuwa ameshasikia. Basi akaleta mke wake na jembe. Mke wake alikuwa na mimba. Alisimama juu, mikono tumboni, akasema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jambo hilo kila usiku kitandani: "Wewe mwenyewe ulisema si mahali pa mama." Akageuka akapanda mlima.

Na yeye mwenyewe? Yule mwanamume aliyesema ubaya umpate yeye? Alisimama kidogo ukingoni. Akatema mate. Akaenda kuangalia ua wake.

Mvua ikaanza. Mteremko ukakaa hivyo hivyo. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeniambia rudi. Siku ya tatu ya mvua nilifunga mtoto mgongoni, nikachukua jembe na mbegu, nikashuka. Sikushinda kitu. Nilikwenda tu kwa sababu ilibidi tule.

Yalikuwa ya nini, sijui. Nadhani ng'ombe, maana udongo ule haukuja wenyewe, lakini sitabishana na mtu tena. Siku ile niliweka miiba mdomoni mwa shimo, nikamshusha mtoto ndani. Shemeji alipita njia ya juu, akaniona. Akapunguza mwendo, kisha akaendelea. Mtoto alikuwa amejifunza kusimama. Alishika mawe ya ukuta kwa mikono miwili, akajaribu kupanda, akateleza, akakaa chini kwa hasira. Mimi nikaanza mstari wa kwanza.