Genilda na Ghala Lililojila Lenyewe

Saa mbili na robo asubuhi, Genilda Queiroz amepiga magoti mbele ya printa mbovu katika maabara ya kompyuta ya chuo kimoja hapa Campina Grande, Brazili. Vidole vyake ni vyeusi kwa wino. Simu inalia, anaibana kwa bega.

"Dada Genilda, umeniua! Kila kitu kimefutika!"

Rangi inamtoka usoni. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kwa habari ya furaha, anasahau kuandika.

Anayepiga ni Zezito Farias, fundi wa ushirika wa wafugaji wa mbuzi katika eneo kame la Cariri. Tangi lao lina lita 900 za maziwa ya familia 62, na programu inayowasha mtambo wa kupoza imezimika.

"Washa kwa mkono!"

"Swichi ya mkono niliing'oa mwenyewe, dada. Si nilikuwa naiamini kompyuta!"

"Maziwa yatavumilia muda gani?"

"Saa mbili. Kwa jua hili, labda moja na nusu."

Genilda, mwenye miaka 41 na mabinti wawili, hakusomea kompyuta. Aliingia maabara hii mwaka 1989 akiwa mfagiaji, akajifunza kwa kuchungulia migongoni mwa wanafunzi. Leo, mwaka 2003, ni fundi wa mshahara wa reais 780 kwa mwezi.

Kwa miezi kumi na minne, kila alipomaliza kazi, alikuwa akiunda programu aliyoiita Feira, yaani soko kwa Kireno. Watu wanaotumia Aroeira, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa chuoni hapa, walikuwa wakiombana vipande vya programu kwa barua pepe, kila mmoja na nakala yake kuukuu. Feira inaviweka vyote katika ghala moja mtandaoni. Unaandika jina la kipande, au kifurushi kama wanavyokiita, unaletewa pamoja na vyote kinavyovitegemea.

Ilizinduliwa Jumatatu wiki hii, kwa keki ya mahindi na chupa ya kahawa.

"Nilitarajia watu kumi, na saba kati yao nawajua kwa majina," anasema. Kufikia jioni walikuwa 211, wengine wa Finland. "Nikamwuliza binti yangu, hivi hawa wa Finland wanataka nini kwangu?"

Kosa lilianzia papa hapa. Diski za kompyuta za maabara hii ni ndogo mno, na sheria ya Genilda miaka yote imekuwa moja: ukiondoa kitu, ondoa na kila kilichokuja nacho. Aliiandika sheria hiyo ndani ya Feira bila kufikiri mara mbili. Asubuhi hii Zezito, mmoja wa hao 211, aliondoa kifurushi kidogo cha kalenda. Feira ikafagia na vyote kilivyovitegemea, ingawa programu ya maziwa nayo ilivihitaji, na Feira yenyewe pia; zote mbili zikazimika.

"Imejila," Genilda ananong'ona. "Mungu wangu, imejila yenyewe!"

Dawa ipo, na Genilda anamweleza Zezito: apakue Feira upya kutoka ukurasa wa chuo, kisha aitumie kurudisha vyote vilivyofutika. Ila ushirika una laini moja tu ya simu, na mtandao unapita humo humo.

"Zezito, kata simu. Ukimaliza nipigie."

"Nikikata nabaki peke yangu!"

"Kata, bwana wee! Maziwa yanachacha!"

Dakika arobaini na sita zinapita. Mwalimu mmoja anachungulia kuulizia printa, anamwona uso, anarudi alikotoka.

Simu inalia tena.

"Mtambo unanguruma," anasema Zezito. "Nyuzi joto kumi na moja, na zinashuka. Ila leo umenizeesha, dada."

Genilda anakaa sakafuni na kulia waziwazi. "Watu 211," anasema. "Ningeweza kuwafutia wote."

Kabla ya saa tano ameshawaandikia wote wasiondoe kifurushi chochote, na kwamba kosa ni lake. Anaandaa toleo jipya, litakalokagua kwanza kama kuna programu nyingine inayokihitaji kitu kabla ya kukiondoa. Hatalitoa mpaka lijaribiwe ushirikani Jumanne ijayo, maziwa yakiwa tangini, wenye mbuzi wakitazama.

"Aje," Zezito amemwambia mwandishi kwa simu. "Lakini abonyeze yeye. Mimi mkono bado unanitetemeka."

Genilda anapoelezwa, anaitazama mikono yake.

"Hata mimi," anasema. "Nitabonyeza hivyo hivyo."