Mama mkwe alivuka mto kuja kunisalimia, nikajificha kwenye matete

Wakuu, habari za asubuhi.

Wenye vikombe wekeni pembeni, leo simimini chai. Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, na suruali bado imelowa mpaka magotini kwa sababu nimetoka mtoni muda huu huu.

Hapa nyumbani sina tena wa kumwambia. Mke wangu jambo hili ameshalisikia mpaka limemchosha. Nimeona nilete huku.

Mimi ni fundi sofa, Igoma, hapa Mwanza. Nimezaliwa na kulelewa Misungwi, Msukuma kamili. Pombe sinywi, mpira naangalia kwa kulazimishwa. Starehe yangu ni moja tu, kuvua samaki kwa mshipi.

Ila uvuvi wangu siyo huu mnaoujua. Kuna mteja alikuwa anahama mji, nikamshonea viti vyake upya ili aviuze. Siku ya kuvichukua akaniachia fimbo ndefu nyembamba na mshipi mnene wa rangi ya njano, akasema kwangu itapata kazi. Nikaingia kwenye video za mtandaoni kuuliza hiki ni kitu gani.

Kumbe ndiyo ile fly fishing ya wazungu. Huweki nyungunyungu. Unachukua ndoano, unaifunga manyoya ya kuku kwa uzi mpaka ifanane na mdudu, halafu unarusha. Mshipi unaenda nyuma yako, unajikunja hewani, unarudi mbele, na yule mdudu wa uongo anatua juu ya maji taratibu. Samaki anadanganyika.

Kwenye video wanavua trauti. Huku kwetu trauti hayupo, anataka maji ya baridi ya milimani. Sisi tuna kuyu, naye anapenda mto wenye mawe na maji yanayokimbia. Nikasema trauti wangu ni huyo. Uzi na mkasi ninavyo kwa kazi yangu, na manyoya natoa kwa jogoo wa jirani, ambaye mpaka leo akiniona anabadilisha njia.

Basi kila Jumamosi alfajiri nawasha pikipiki, napita Kisesa, nashika upande wa Magu mpaka kwenye mto mmoja unaoingia ziwani. Kuna sehemu una mawe makubwa, na katikati liko moja bapa, pana kama kitanda. Wakati wa kiangazi unaweza kuvuka kwa kuruka jiwe hadi jiwe.

Kabla sijaendelea, niwaeleze jambo moja wale wa pwani na wengine ambao hamna haya mambo.

Mimi nimelelewa kwamba mama mkwe humpi mkono. Huli mbele yake, hukai naye peke yenu. Mkikutana njiani unapisha pembeni, unainamisha uso, unasubiri apite. Siyo chuki jamani, kwetu hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa. Na ina mwisho wake. Ukishatulia kwenye ndoa unapeleka zawadi, mzee wa upande wako anasema maneno mawili matatu, basi imefunguliwa. Mnasalimiana kama watu wengine.

Najua kuna vijana wa kwetu wanaoishi na mama wakwe nyumba moja na wanagombania rimoti. Hiyo ni kwao. Baba yangu hakufungua mpaka mimi nazaliwa, na mimi nilijiona wa mstari huo huo.

Mke wangu ni wa Ukerewe. Mama yake ni mjane, na miaka hiyo alikuwa amehamia kwa mdogo wake, ng'ambo ya mto ule ule ninaovua. Hilo nililijua. Ambacho sikukijua ni kwamba na yeye ni mvuvi.

Jumamosi moja, ukungu bado uko juu ya maji, naona mwanamke upande wa pili. Kajifunga kanga kiunoni, ana ufito wa mwanzi na mshipi mfupi. Mimi nimerusha mpaka bega linawaka, sina kitu. Yeye anatumbukiza, anatulia, anatoa. Anatumbukiza, anatoa. Nilisimama kumwangalia kwa wivu kabisa.

Halafu akakohoa. Kikohozi kile nakijua, nilikisikia siku ya kutoa mahari.

Wakuu, nilishika kofia nikaivuta mpaka puani. Na yeye aliponitambua akageuka, akanipa mgongo. Nikashuka chini kidogo kufuata mto, tukaendelea kuvua, kila mtu upande wake, kama hatujaonana.

Nilipomsimulia mama Neema, huyo ndiye mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia mama yake amekua na mshipi mkononi, kwao kisiwani alikuwa anawashinda kaka zake.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo Jumamosi zetu. Nikifika namkuta, au akifika ananikuta. Hatusalimiani. Siku moja nikakuta kopo la nyungunyungu juu ya lile jiwe bapa, limefunikwa jani la mgomba. Nilielewa, alikuwa amenihurumia. Wiki iliyofuata nikamwekea pale pale ndoano yangu moja niliyoifunga vizuri kuliko zote, ya manyoya mekundu. Akaichukua. Akaichomeka kwenye kilemba chake kama pambo, nikaiona kutoka ng'ambo inang'aa.

Maneno yakawa yanapitia kwa mke wangu. Mara mama anauliza, huyo mumeo anawavua samaki au anawachapa viboko? Mara anauliza ile kamba inakaaje hewani bila kuanguka. Swali hilo la kamba alilirudia sana. Mke wangu akaniambia, baba Neema, si upeleke hata kitenge mfungue, umwonyeshe mwenzako? Nikasema taratibu, lazima baba mdogo aje kutoka Misungwi, mambo haya hayafanywi kienyeji. Baba mdogo alikuwa na kilimo, kisha akawa na msiba, kisha nikawa na oda ya sofa za hoteli. Ikapita hivyo.

Sasa nifike kwenyewe.

Asubuhi moja nikapata kuyu mkubwa kuliko wote niliowahi kumwona. Kwa mdudu wa manyoya, siyo kwa nyungunyungu. Alinivuta mpaka nikaingia maji ya kiuno na viatu vyangu. Nilipomtoa nje nikasikia kigelegele kutoka ng'ambo, kimoja tu, kifupi, halafu kimya, kama mtu aliyejikumbuka.

Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Nikamlaza yule samaki juu ya lile jiwe bapa, kwenye majani, nikarudi upande wangu na kuupa mto mgongo. Nilipoangalia tena, samaki hayupo.

Kichwani mwangu nilikuwa nimempa mama mboga. Basi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kashafika, lakini hana ufito. Kavaa gauni la kanisani na kanga mpya, na mkononi ana chupa ya chai na vikombe. Nikajiuliza leo kuna nini. Mara akakanyaga jiwe la kwanza. Akakanyaga la pili, anapapasa kwa mguu kabla ya kuweka uzito. Akafika kwenye jiwe bapa, hakusimama, akaendelea. Anakuja kwangu.

Hapa ndipo nawaambia ukweli wenyewe. Sikufikiri chochote. Miguu ilijiondokea yenyewe, nikaingia kwenye matete na fimbo yangu, nikachuchumaa, nikainamisha uso.

Alifika pale nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa naona kanga yake katikati ya majani.

"Baba Neema," akaita.

Nikanyamaza.

"Nimekuletea uji."

Mbu wananila masikioni na sikuthubutu hata kujikuna.

Alisimama pale muda mrefu. Kisha akaweka chupa na kikombe kimoja chini, akarudi. Kwenye mawe alienda polepole sana, na mimi nilikuwa nimeinamisha uso, sikuona.

Alipotokomea nikatoka, nikanywa ule uji. Ulikuwa mtamu, wa ulezi. Nikaosha kikombe, nikakiweka na chupa juu ya jiwe. Na niwaambie kitu, nilirudi nyumbani kifua mbele. Nilimsimulia mke wangu kama ushindi, kwamba mama alijisahau akavuka, lakini mkwe wake hakujisahau.

Mke wangu hakucheka. Akaenda nje kumpigia mama yake simu. Akarudi akasema mama anasema hakuna neno.

Baada ya hapo hakuja tena mtoni. Wiki ya kwanza nikasema ni mafua. Mvua zilipoanza nikasema ni mvua. Mtu ukitaka sababu huzikosi.

Kumbe macho. Mama alikuwa na presha ya macho muda mrefu, anaificha. Alikuwa anaona kama anachungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Walipomleta Mwanza hospitali, daktari alisema kilichopotea hakirudi, walinde kilichobaki. Kilichobaki nacho hakikudumu. Kaka yake mke wangu, yule mkubwa, akamchukua kwenda kuishi naye Nansio, kule kule Ukerewe.

Ndipo nikaona sasa baba mdogo hana tena kilimo wala msiba. Nilimfuata mwenyewe Misungwi. Tukapanda kivuko na mke wangu, kitenge doti mbili, sukari, na fimbo yangu ya kuvulia, hata sijui niliibeba ya nini.

Baba mdogo akasema maneno yake. Mama akanyoosha mkono hewani, pembeni kidogo ya nilipokuwa nimekaa. Nikaufuata nikaushika. Nikasema shikamoo mama. Ndiyo mara ya kwanza namgusa.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Mbona unafungua mara mbili?"

Sikuelewa. Akasema, "Si uliniwekea samaki? Binti yangu alishanieleza kwamba kwenu mkwe anafungua kwa zawadi. Nikasema kijana kaona wazee wako mbali, kaamua kufungua mwenyewe. Nikavaa, nikavuka."

Nikamwambia mama, nisamehe, nilikuwa nakuheshimu.

"Nilijua," akasema. "Na mimi nikasema basi hataki, nimheshimu." Akapapasa ile fimbo tuliyomwekea magotini. "Nilitaka kuiona ile kamba kwa karibu tu. Kutoka ng'ambo nilikuwa siioni tena vizuri. Nikasema niione kabla giza halijafika."

Wakuu, baba mdogo ni mtu mgumu, amezika watu wengi. Alitoka nje.

Mimi sikulia pale. Nililia kwenye kivuko tukirudi, nimeegemea chuma, mke wangu ameshika begi langu.

Nimejifunza nini? Sitaki kusema mila ni mbaya, wale wa kuja kunitukana na mila zangu mtulie. Mila yenyewe iliweka mlango, mimi ndiye niliyeufanya ukuta. Nilimheshimu mtu bila hata siku moja kumuuliza kama heshima hiyo anaitaka. Kila mmoja alikuwa anamlindia mwenzake kitu ambacho mwenzake hakukihitaji, na katikati yetu kulikuwa na mto wa kuvuka kwa mawe. Kama una mkwe, mzazi, au mtu yeyote unayemkwepa kwa sababu unamheshimu, muulize. Muulize wiki hii.

Leo asubuhi nimeenda tena. Nimerusha kutoka kwenye lile jiwe bapa, katikati ya mto, sijui kwa nini sikuwahi kusimama pale zamani. Kuyu wawili wadogo, nimewarudisha.

Sasa ninachoomba kwenu ni hiki. Kila Jumamosi nikitoka mtoni mama mkwe ananipigia kutoka Nansio. Hataki habari za samaki. Anauliza, "Nieleze, leo ilikaaje hewani?" Na mimi ni fundi sofa, maneno sina. Naishia kusema imejikunja, mama, imejikunja vizuri. Anasubiri niongeze.

Humu kuna watu mnajua kueleza vitu. Mshipi wa njano, ukungu, jua ndiyo linachungulia, unapanda nyuma, unasimama kidogo, halafu unakuja. Anayejua namna ya kumweleza mtu asiyeona mpaka akauona, aniandikie hapo chini. Atapiga muda si mrefu, na sitaki kumnyamazia tena.