Tulivyomposa Mchezaji wa Hayes

Nilikuwa mweka hazina wa timu yetu ya mpira wa kikapu ya Thamesmead, na nikiri mapema kwamba mpira wenyewe siujui. Cheo nilipewa kwa sababu nina mdomo wa kudai. Mtu akichelewesha mchango nilimpigia simu akiwa kazini, nikamsalimia, nikamuuliza habari za watoto, halafu nikanyamaza hadi aone haya mwenyewe. Ndivyo tulivyolipia ukumbi wa shule tuliokuwa tukikodi, pamoja na jezi za kijani zilizowabana vijana mabegani.

Mechi zilikuwa Jumamosi, dhidi ya timu nyingine za watu wa kwetu waliotapakaa London nzima, na sisi kazi yetu ilikuwa kupigwa. Tulipigwa hata na timu ya kanisa moja ambayo pasta ndiye aliyekuwa kocha na mshambuliaji. Mwenyekiti wetu, Mkenya mwenzangu aliyekuwa akiuza magari Woolwich na mwenye maneno matamu kuliko magari yake, akachoka kuchekwa. Akaitisha kikao, akasema dawa yetu ni mtu mmoja tu, yule Mkongo mrefu wa timu ya Hayes, upande wa pili wa London.

Kila mtu alimjua. Alifanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na uwanjani alicheza kama mtu aliyetumwa dukani, hana mbwembwe, hana kelele, kumbe nusu ya pointi zote ni zake. Watu wa Hayes walikubali kumwachia, ila walitaka wachezaji wetu wawili wazuri, na juu yake tuwalipie ukumbi wao hadi msimu uishe.

"Tukiwatoa hao wawili na huyu asicheze, tutabaki na nini?" niliuliza.

"My sister, hii ni investment," Mwenyekiti akasema. "Huyu akija, sponsor atatutafuta mwenyewe."

Basi sisi tukakubali, na Hayes wakakubali. Aliyekataa ni mchezaji. Mwenyekiti alimpigia simu, akampigia tena, na jibu lilikuwa lile lile, la adabu na lisilosogea: "Hapana, papa. Hayes nachezea karibu na nyumba. Siku ya posho iko ya mama." Kwao Jumamosi huitwa siku ya posho. Alikuwa akiishi na mama yake, na siku hiyo ndiyo aliyokuwa akimhudumia, akitoka mara moja tu kucheza hapo jirani na kurudi.

Wazo la kwenda kwa mama lilikuwa langu. Nilisema kijana akikataa, kwetu haendewi yeye, wanaendewa wazazi. Twendeni kama wanaoposa. Kikao kizima kilicheka na kupiga makofi, nami nikajiona nina akili nyingi. Nilinunua kitenge kizuri cha kushona, sukari, mchele, na bahasha niliyotia sehemu kubwa ya pesa zilizobaki. Nilijifunga kilemba. Tulikwenda Jumapili, mimi na Mwenyekiti. Kutoka Woolwich hadi Hayes ni treni moja tu, hubadilishi.

Mama alitupokea akiwa amekaa, mguu wa kushoto juu ya stuli, umefungwa bandeji. Ana ugonjwa wa sukari. Mimi riziki yangu ni kuosha na kulisha wazee wa watu, kwa hiyo mguu ule niliuona kabla sijaona sura yake. Niliona bandeji imefungwa kwa uangalifu na kisigino kimepakwa mafuta. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akiutunza vizuri sana, na mtu huyo ndiye tuliyekuja kumchukua.

Mwenyekiti alizungusha maneno kama kawaida ya posa, akasema tumeona jogoo mzuri kwenye boma hili. Mama akacheka hadi akafuta machozi. Alisema hajaendewa kwa heshima namna ile tangu aingie nchi hii, kwamba hapa watu huja kwake na fomu tu. Halafu akaacha kucheka.

"Lakini huyu mtoto iko miguu yangu," akasema. "Siku ya posho ananiosha kidonda, anaangalia vidole, ananipikia. Siku zingine iko kazini, anarudi amechoka. Akienda kwenu, nani ataniangalia?"

Mwenyekiti akanitazama. Nami, mwenye mdomo, nikasema, "Mimi, mama. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nitakuja kila Jumamosi."

Mama akaweka kiganja juu ya kitenge tulichomletea. Kisha akamwita mwanawe kutoka jikoni, akamwambia aende, wamekuja watu wa heshima. Kijana hakumbishia mama yake. Aliniangalia mimi.

"Utafika kweli, dada?"

"Kila Jumamosi," nikasema.

Nilikwenda mara moja. Siku hiyo mama hakuniacha niguse kitu, akasema mgeni wa kwanza haoshi mtu miguu, akanipa chai na maandazi, tukapiga soga hadi jioni. Niliondoka nimefurahi, kama mtu aliyetimiza wajibu. Jumamosi iliyofuata kazini walitafuta mtu wa kushika zamu ya ziada, na zamu za mwisho wa wiki zina malipo mazuri. Nikamtumia mama ujumbe kwamba nimebanwa. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa upole, "Hakuna shida, dada, Mungu akubariki." Jumamosi nyingine nikabanwa tena. Ahadi ni deni, mimi niliyekuwa bingwa wa kudai madeni ya wengine naijua methali hiyo vizuri. Baadaye niliacha hata kutuma ujumbe, na yeye hakuuliza.

Timu ikaanza kushinda. Mwenye duka la kutuma pesa akatununulia jezi mpya zenye nembo yake, akaahidi makubwa tukifika fainali. Mimi nilikuwa zamu, naosha migongo ya wazee wa watu wengine, napokea picha za ushindi kwenye simu. Kijana hakuniona ukumbini hata siku moja, kwa hiyo aliamini niko Hayes kwa mama yake. Mwenyekiti naye aliamini hivyo, na aliwatangazia watu kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mama wa mchezaji wetu yuko mikononi mwa mtaalamu. Nilisoma maneno hayo, nikaweka alama ya moyo.

Siku ya nusu fainali kijana hakutokea, na simu yake ilikuwa imezimwa. Tulipigwa vibaya, na wale wawili tuliowatoa tulikuwa tunawahitaji kuliko pumzi. Mwenye duka akajitoa. Mwenyekiti akapandwa na hasira, akasema pesa zetu zimeliwa, akaniambia twende Hayes tukadai bahasha, kwani hata mahari hurudishwa mke akiondoka. Nilitafuta sababu ya kutokwenda. Sikuwa nayo, maana mweka hazina nilikuwa mimi.

Kijana alitufungulia mlango, macho mekundu, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, dada. Aksanti sana."

Ndani, mama alikuwa kwenye kiti kile kile, mguu juu ya stuli ile ile, lakini bandeji ilikuwa kubwa zaidi. Hospitalini walikuwa wamemkata kidole gumba wiki ile. Kilianza kuwa cheusi kwa chini, mahali ambapo mtu haoni mpaka auinue mguu na kuutazama. Mimi hulipwa kuviona vitu hivyo. Jumamosi moja ingetosha.

"Mama aniambiaka vile ulikuwa unafika," kijana akasema, mbele ya Mwenyekiti. "Unamuosha, unamupikia. Wewe ulifanya yako yote. Hii ni ugonjwa tu, dada, usijilaumu."

Nilimtazama mama. Aliinamisha macho kwenye mapaja yake. Alikuwa amevaa kitenge chetu, amekishona. Alikuwa amekula posa yetu na kutoa neno lake, na ili mwanawe asikose mechi alikuwa amemdanganya Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa ajili yangu. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake nikasema, "Pole, mama."

Kijana akatoa noti mfukoni, akanitia mkononi. Alisema ni nauli yangu ya siku zote zile, amekuwa akiiweka kando kidogo kidogo. Nikasema hapana. Mama akasema taratibu, bila kuniangalia, "Pokea, dada. Watu wanaangalia." Nikaitia kwenye mkoba.

"Saa ya kumuosha imefika," kijana akaniambia. "Fanya wewe, dada, mkono wako iko mwepesi kupita wangu. Beseni iko palepale."

Nikaenda jikoni. Nikafungua kabati la chini ya sinki, nikakuta masufuria. Nikafungua la pembeni, nikakuta mchele wetu, gunia limeliwa nusu. Nilipogeuka kijana alikuwa amesimama mlangoni. Aliniacha nifungue kabati la tatu.

Kisha akanipita, akafunga mlango wa jikoni kidogo, na beseni lilikuwa nyuma ya mlango, limetundikwa msumarini, la bluu. Akalijaza maji, akayapima joto kwa kiwiko. Sebuleni akapiga magoti mbele ya mama yake na kuanza kufungua bandeji. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amesahau kudai bahasha, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema, "Huyu dada ni mnyenyekevu sana, anamwachia mtoto baraka zake."

Nilifungua mkoba, nikamnyooshea kijana zile noti.

"Shika tu, dada," kijana akasema, macho yake kwenye kidonda. "Njia ni mbali."

Tulirudi na ile treni moja.