Kikombe au Ulaya

Mwaka ule wa uchaguzi, kabla mambo hayajaharibika, watu wazima wenye akili zao waligawanyika makundi mawili ndani ya kibanda cha video kule Kibera, na hakuna kundi lililoona haya. Swali lilikuwa moja. Timu yetu ya Uingereza ikilazimika kuchagua, ichukue kikombe kidogo cha nyumbani, au ikose kikombe lakini imalize namba nne ili msimu ujao icheze Ulaya? Timu yenyewe haikuwa imetuuliza. Haikujua hata kama tupo. Lakini tulibishana kana kwamba kocha amekaa nje kando ya mtaro akingoja jibu letu.

Mimi nilikuwa wa kikombe. Rafiki yangu seremala alikuwa wa Ulaya.

Yeye kwao ni Machakos, mimi kwetu ni Magharibi, na vyumba tulivyopanga vilitazamana. Yeye alitengeneza vitanda, meza na milango. Mimi nilipaka rangi na kuandika vibao. Mtu akifungua saluni, yeye aliranda ubao nami nikaandika jina, na mara nyingi tulikosana kwa sababu alitaka herufi ndogo zisizofunika mbao zake nzuri, nami nilitaka herufi zinazosomeka kutoka kule kwenye magorofa ya Nyayo Highrise.

Mama mwenye video alipochoshwa na kelele zetu, alimwagiza seremala mabenchi mawili marefu, kisha akaniambia niyaandike. La kushoto nikaliandika ULAYA, la kulia KIKOMBE, kwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye kazi ya kinyozi. Nilijivunia sana mwandiko wangu. Y yangu ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kushoto, maringo matupu, lakini hakuna fundi mwingine pale mtaani aliyeuweza mkia ule. Tangu siku hiyo mama alisimama mlangoni na kumuuliza kila anayeingia, "Wewe ni wa wapi?" Ukijibu wa Ulaya, kushoto. Ukijibu wa kikombe, kulia. Aliyejibu kwamba yeye ni wa Bungoma au wa Kitui alichekwa mpaka mapumziko.

Hoja za seremala zilikuwa za mtu wa kupima kwa futi. "Kikombe ni cha chai," alikuwa akisema. "Unakibusu, unakiweka kabatini, kinashika vumbi. Lakini Ulaya ni kazi ya mwaka mzima. Wageni wanakuja, wachezaji wazuri wanataka kujiunga nawe."

"Namba nne!" nilimjibu. "Shule gani inampa zawadi mtoto wa namba nne? Utawaambia wajukuu nini? Kwamba tulikuwa wa nne, tukapiga makofi?"

"Nitawaambia tulisafiri."

"Wewe umesafiri? Hata Mombasa hujafika!"

Basi benchi la kulia lilianguka kwa kicheko, la kushoto likatutukana, na mama akatishia kuzima televisheni. Tulipendana sana miezi ile. Nasema hivyo sasa, wakati ule ningeona aibu kulitamka.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na mtaa ukawaka. Sitasimulia yote, waliokuwepo wanayajua. Kwa siku kadhaa hakuna aliyefungua duka wala kupaka rangi kitu chochote, na ile timu yetu ya Uingereza ilicheza mechi zake bila ushauri wetu. Mama alipofungua tena video Januari, tulienda mbio, wengine wakiwa na macho mekundu ya moshi wa vitoa machozi. Hatukwenda kwa sababu ya mpira peke yake. Tulitaka kukaa mahali ambapo swali la unatoka wapi lilikuwa na jibu la upuuzi.

Lakini kabla ya mechi kulikuwa na habari, na habari za siku hiyo zilisema wanasiasa wa upande wa kwao seremala, ambao hawakushinda, wamekaribishwa serikalini na kupewa viti. Kibanda kikanyamaza. Watu wengi mle ndani walikuwa na hasira ya kuibiwa kura, kama walivyoamini, na sasa macho yao yalianza kulielekea benchi la kushoto, mwisho kabisa, alipokuwa amekaa rafiki yangu na andazi mkononi.

Mimi ni mtu ambaye nikiona ukimya sijui kuuacha. Nikasimama nikasema, "Si mnaona! Hawakubeba kikombe, lakini wamefuzu Ulaya!"

Lo! Kicheko kilichopasuka pale sijawahi kukipata tena maishani. Watu walipigana mabega, mama akafuta machozi kwa leso. Seremala mwenyewe alicheka, akainua andazi lake juu, na nikaketi nikijiona mtu aliyeleta amani kuliko wajumbe wote waliokuwa mjini kwa kazi hiyo.

Utani ule haukubaki ndani. Ulitoka na watu mlangoni, ukashuka nao mpaka kwenye reli. Kesho yake vijana wawili walimwita, "Niaje, Ulaya!" na akawapungia mkono. Siku ya pili walikuwa sita, na hawakusema niaje. Siku ya tatu, seremala akichota maji, mtu alimrushia jiwe, akamwambia Ulaya arudi Ulaya. Mimi niliyasikia hayo na nikajiambia yataisha. Sikutoka nje kusema kitu. Niliogopa, na nilijua pia kwamba neno wanalolitumia limetoka kinywani mwangu.

Asubuhi moja nikafungua mlango na kukuta ng'ambo pana tundu. Chumba chake kilikuwa tupu na mlango wenyewe haukuwepo. Seremala alikuwa ameng'oa mlango aliojitengenezea na kwenda nao pamoja na misumeno na randa zake. Jirani aliyekuwa akifagia aliniangalia vibaya. Akaniambia kwamba usiku mtu alikuwa ameandika ULAYA kwenye ule mlango, kwa herufi kubwa za buluu.

Nilikimbia kwa mama wa video, mahali nilipokuwa nimeuacha mkebe wangu wa rangi tangu zile siku za mabenchi. Mkebe ulikuwepo. Kifuniko hakikuwepo, na brashi ilikuwa imetupwa chini, imekauka. Fundi gani huacha brashi namna hiyo? Nilikasirikia brashi kwanza, na hilo najilaumu mpaka leo.

Nilimpigia simu, haikushikwa. Nikapiga tena, na tena, ikazimwa. Kwake yeye, yote yalikuwa wazi: neno ni langu, rangi ni yangu, na mlango wangu unatazamana na wake. Hata mimi ningejishuku.

Benchi la Ulaya likabaki karibu tupu. Si kwamba watu walibadili mawazo kuhusu namba nne. Hakuna aliyetaka kukaa juu ya neno lile. Walijibana upande wa kulia mpaka benchi langu likaanza kulia, na seremala wa kulikaza hakuwepo.

Halafu timu yetu, ambayo kwenye ligi ilikuwa imezama katikati ya jedwali, mbali kabisa na hiyo namba nne, ikafika fainali ya kikombe kidogo. Jumapili, mwisho wa Februari. Kibera yote ya mashabiki wetu ilichangamka, na mimi niliyeimba kikombe mwaka mzima nikagundua sina hamu. Nitamcheka nani? Mama akaniangalia nikichezea chai yake mpaka ikapoa.

"Dada yake seremala ana ploti Kawangware, pale stendi ya 56," akasema. "Rafiki yako yuko huko, ameweka kazi mbele ya nyumba. Enda. Hapa unanimalizia sukari bure."

"Na akinifukuza?"

"Utakuwa umefukuzwa. Si utarudi tu?"

Jumapili hiyo hiyo nilikwenda kwa miguu, kwa sababu siku zile magari yalisimamishwa njiani, nami nilipenda kuona mbele yangu mwenyewe. Nilifika Kawangware mchana, karibu na kule 56, nikakuta vijana wanne wamekaa juu ya gogo kando ya barabara. Kule nako watu walikuwa wamefanyiana mambo mabaya, na mtu wa Magharibi asiyejulikana hakuwa mgeni wa kupendeza kwa kila mtu. Mmoja akasimama, rungu mkononi.

"Buda, wewe ni wa wapi?"

Sijui ni woga au mazoea. Mdomo ulijibu kabla yangu. "Wa kikombe."

Wakatazamana. Nikaona maisha yangu yakiisha kwa jibu la kijinga kuliko majibu yote yaliyowahi kutolewa kwenye kizuizi. Kisha yule mwenye rungu akauliza polepole, "Kikombe cha leo? Ya saa kumi na mbili?"

"Ndiyo hiyo."

"Ai, maze! Wewe ni wetu! Mi nilikuwa nataka Ulaya, lakini kikombe pia si mbaya. Unaenda wapi?"

Walinisindikiza mpaka kwa seremala, wakibishana njia nzima kama mshambuliaji wetu atapona goti.

Alikuwa akipiga msasa mguu wa meza. Aliinua macho, akaniona nikiwa katikati ya wale vijana, akayarudisha kwenye mguu wa meza. "Sasa," akanisalimu.

"Poa," nikasema.

Hapo ndipo nilipouona mlango. Alikuwa ameulaza juu ya vigogo viwili kuwa meza yake ya kazi, na ULAYA ilikuwa imetazama juu, buluu, kubwa. Juu yake palikuwa na gundi, misumari na kikombe cha chai. Hakusema lolote kuuhusu. Nami, mtu asiyejua kuuacha ukimya, siku hiyo niliuacha. Nilishika kipande cha msasa, nikaanza mguu wa pili.

Jioni tulikaa pamoja kwenye video ya pale, benchi lisiloandikwa kitu. Tulitanguliwa, tukasawazisha, tukaongezewa muda, na bao la ushindi lilipoingia seremala alinishika shingo akanipiga kichwa kwa kichwa mpaka nikaona nyota. Alilia. Mtu wa Ulaya, mtu wa kikombe-ni-cha-chai, alilia machozi na kamasi, nahodha alipoinua kile chombo chenye masikio.

Ndipo mtangazaji akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kwa ushindi huo timu yetu sasa imejipatia nafasi ya kucheza Ulaya msimu ujao.

Nikamgeukia seremala, naye akanigeukia.

"Amesema nini?"

"Amesema kikombe kina Ulaya ndani."

"Tangu lini?"

"Kumbe tangu zamani!"

Mwaka mzima! Mabenchi mawili, rangi, matusi, mandazi yaliyorushwa, na hakuna hata mmoja wetu, watu tuliojua saizi ya viatu vya golikipa, aliyejua kwamba mshindi wa kikombe kile huenda Ulaya moja kwa moja. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Seremala hakukubali. Alipangusa pua, akatangaza kwa kibanda chote, "Hiyo ni Ulaya ndogo, ya Alhamisi! Mimi nilikuwa nasema Ulaya kubwa, ya Jumanne na Jumatano!"

Nililala kwake, kwa sababu barabara ya kurudi haikuwa ya kuchezea gizani. Asubuhi dada yake alituletea chai, tukainywea juu ya ule mlango. Nikaona nikinyamaza tena nitapasuka.

"Si mimi niliyeandika," nikasema. "Walichukua mkebe wangu kwa mama. Naapa."

"Najua si wewe."

"Unajua?"

Akasogeza vikombe, akaweka kidole kwenye Y. Ilikuwa Y fupi, imesimama kama kijiti, mkia haina. "Nimeishi na vibao vyako miaka mingapi? Huyu hata brashi hajui kushika. Nilijua siku ile ile, na tochi mkononi."

Nilihisi mzigo ukinitoka mgongoni, nikaanza kutabasamu. "Basi mbona hukushika simu?"

Alipuliza chai yake. "Mkono haukuwa wako," akasema. "Neno lilikuwa lako."

Nilimwambia, "Nisamehe," na sauti yangu ilitoka nyembamba, sauti ya mtu ambaye hana mazoea na neno hilo. Nilimwambia nilisikia vijana wakimwita na sikutoka. Nilimwambia niliona aibu wakati huo na ninaona aibu sasa hivi.

Hakusema amesamehe. Alimaliza chai, akaondoa gundi, akaondoa misumari, akapangusa mlango kwa kiganja. Kisha akaingia ndani, akatoka na randa, akaniwekea mkononi.

"Toa," akasema.

Mimi ni mtu wa kupaka, si wa kuranda. Niliumia vidole, nilikwaruza mbao, nililowa jasho. Na rangi ilikuwa nzuri, mjinga mimi, sijawahi kununua rangi ya bei rahisi. U ilitoka, L ikatoka, A ikanisumbua. Vumbi la buluu lilinijaa puani. Saa sita ilipita, dada yake akaleta chai nyingine, na seremala alikaa pembeni juu ya gogo, kikombe mkononi, akikagua kila futi.

"Hapo kwenye Y bado," akasema.